UZI: Maneno ya historia ya dunia yanayochanganya wasomaji: maana, mipaka yake na makosa yanayojirudia

#1 MzeeWaNyaraka

Wakuu, uzi huu ni wa yeyote anayesoma historia ya dunia kwa Kiswahili, awe darasani au anajisomea. Miaka na majina ya watu si mzigo mkubwa kama tunavyodhani. Mzigo ni maneno tunayoyajua tayari. Neno la kila siku likiingia kwenye historia linabanwa, na Kiswahili kina maneno kadhaa yanayobeba dhana mbili kwa mpigo. Usipozitenganisha mapema, insha nzima inakwenda kombo.

Naanza na chanzo. Tunasema "chanzo cha vita", tukiwa na maana ya kilichovileta. Tunasema pia "chanzo cha historia", yaani barua, hati, chungu kilichofukuliwa, masimulizi ya wazee. Sasa swali likija "Jadili vyanzo vya Vita vya Kwanza vya Dunia", mmoja anaandika kuhusu mashindano ya silaha, mwingine anaandika kuhusu telegramu na shajara za askari. Wote wawili wamelisoma swali sawasawa. Ushauri wangu: *chanzo* kibaki kwenye ushahidi, na kilichosababisha jambo kiitwe *sababu*. Ukishika mpango huo kwenye daftari lako lote, nusu ya mkanganyiko imeisha.

*Sababu* nazo ziko ngazi ngazi:

– Sababu za msingi: zinazojengeka kwa miaka mingi. Kwa 1914 ni miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ugomvi wa Balkani, uzalendo uliopitiliza.
– Kichocheo: tukio linalowasha kilichokwisha kukauka. Ni mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, mjini Sarajevo, 28 Juni 1914.
– Kisingizio: sababu ya kutangazwa, ambayo anayeitangaza anajua si yenyewe. Usiku wa 31 Agosti 1939 watu wa Hitler walivamia kituo cha redio cha Ujerumani yenyewe mjini Gleiwitz na kujifanya ni Wapolandi, ili kesho yake Ujerumani iseme inajibu mashambulizi. Hicho ni kisingizio, na hakifanani na kichocheo hata kidogo.

Angalia kalenda ya 1914 uone kwa nini kichocheo peke yake hakielezi vita. Mauaji 28 Juni. Onyo la mwisho la Austria-Hungaria kwa Serbia 23 Julai, lenye saa 48. Vita dhidi ya Serbia 28 Julai. Ujerumani dhidi ya Urusi 1 Agosti, dhidi ya Ufaransa 3 Agosti. Uingereza inaingia 4 Agosti. Kati ya risasi na vita kuna mwezi mzima wa watu waliokaa mezani wakaamua. Anayeandika "vita vilisababishwa na mauaji ya Sarajevo" ameufuta mwezi huo wote.

La pili ni mapinduzi. Neno hili tunalitumia kwa mambo matatu. Kuna mapinduzi ya kijamii, yanayobadili nani anamiliki ardhi, sheria inamtambua nani, nani anatoa kodi na nani anasamehewa. Kuna mapinduzi ya kijeshi, yanayobadili aliyekaa kwenye kiti. Na kuna mapinduzi ya viwanda au ya kilimo, ambayo hayana siku wala kiti. Ni mabadiliko ya miongo mingi. Ufaransa ina mawili ya kwanza ndani ya miaka kumi na kidogo: usiku wa 4 Agosti 1789 Bunge linaanza kufuta haki za kikabaila, na 9 Novemba 1799 Napoleon anachukua madaraka kwa nguvu ya askari. Ukiandika "mapinduzi ya Ufaransa" bila kusema yapi, msomaji hajui uko wapi. Kipimo changu: miaka kumi baadaye, sheria ya umiliki ilibadilika au yalibadilika majina ya wakubwa tu?

Karibuni mwongeze nyama.

#2 Bi_Tarehe

Uzi umekuja wakati wake. Naongeza upande wa tarehe, maana hapo watu wanapoteza alama za bure.

KK ni Kabla ya Kristo, BK ni Baada ya Kristo. Hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK unafuata 1 BK moja kwa moja. Kwa hiyo ukivuka mpaka huo, jumlisha kisha toa 1.

Mfano wa kufanyia mazoezi ni Kaisari Augusto. Alizaliwa 23 Septemba 63 KK, akafa 19 Agosti 14 BK. Alikufa na miaka mingapi?

63 + 14 = 77. Toa 1 kwa sababu ya mwaka sifuri usiokuwepo: 76. Lakini Agosti iko kabla ya Septemba, siku yake ya kuzaliwa mwaka ule haikuwa imefika, toa 1 tena: 75. Anayejibu 77 amesahau mambo mawili, anayejibu 76 amesahau moja.

Karne: karne ya 1 ni mwaka 1 hadi 100, kwa hiyo karne ya 19 ni 1801 hadi 1900. Njia ya haraka: ondoa tarakimu mbili za mwisho, ongeza 1. 1789 → 17 + 1 = karne ya 18. Njia hiyo inakwama kwenye miaka inayoishia na 00: mwaka 1900 ni wa karne ya 19, si ya 20. Upande wa KK karne zinahesabiwa kurudi nyuma, hivyo karne ya 5 KK ni 500 hadi 401 KK, na "mwanzoni mwa karne ya 5 KK" ni karibu na 500, si karibu na 401. Hapa hata vitabu vilivyochapishwa huteleza.

Muongo ni miaka 10, milenia ni miaka 1000. Na tafadhali achaneni na "miaka ya 1800" mnapoandika jambo la kupimwa. Mmoja ataelewa 1800 hadi 1809, mwingine karne nzima. Andika "karne ya 19" au "muongo wa kwanza wa karne ya 19", basi.

#3 Nanga

Swali kwa wakuu. Kuna "Zama za Kati" na kuna "Zama za Kati za Mawe". Nimeona majibu ya mitihani yanayosema Zama za Kati watu walitumia zana ndogo za mawe na kuwinda. Mpaka uwekwe wapi?

#4 Mpekuzi

Ndugu Nanga, hayo ni mambo mawili yasiyojuana.

Zama za Mawe ni mgawanyo wa akiolojia, unaopima kwa zana: Zama za Kale za Mawe, Zama za Kati za Mawe, Zama Mpya za Mawe. Kisha shaba na chuma. Haupimi kwa mwaka, unapima kwa kile kilichofukuliwa. Ndiyo maana chuma kilianza kutumika sehemu mbalimbali kwa nyakati tofauti, na huwezi kuandika "Zama za Chuma zilianza mwaka fulani" bila kutaja mahali.

Zama za Kati bila neno "mawe" ni mgawanyo wa historia ya *Ulaya*. Kwa kawaida zinaanzia 476 BK, Kaisari wa mwisho wa Roma ya magharibi alipoondolewa, hadi karibu 1500. Wengine hufunga kwa 1453 Konstantinopoli ilipotekwa, wengine kwa 1492. Wataalamu wa Mwamko wa Sanaa na Elimu (Renaissance) ndio waliowaza jina hilo, wakiona miaka ile kama kipindi kilichokaa katikati, kati ya Roma ya kale na wao wenyewe.

Kwa hiyo jina lina hukumu ndani yake, na halisafiri vizuri. China ya nasaba ya Tang (618–907) na ya Song (960–1279) haikuwa "katikati" ya chochote. Baghdad ya Waabbasi, walioshika ukhalifa kuanzia 750 hadi Wamongolia walipouteka mji 1258, vilevile. Ukiandika kuhusu China tumia nasaba: nasaba ya Ming, 1368–1644, nasaba ya Qing, 1644–1912. Ukiandika kuhusu ukhalifa taja ukoo unaotawala.

Tahadhari na neno enzi. Linaweza kuwa kiti cha mfalme, muda wa utawala wake, au kipindi kirefu. "Enzi ya Malkia Victoria" ina mwaka wa kuanza na wa kuisha, 1837 na 1901, kwa sababu ni utawala wa mtu. "Enzi za biashara ya misafara" haina mipaka hiyo mpaka wewe mwandishi uiweke.

#5 Kalamu_Kavu

Naomba niingie kwenye koloni na nchi lindwa, maana hapa watu hutupa kila kitu kwenye kapu moja la "ukoloni".

Mfano safi ni nchi tatu zinazopakana, mtawala mmoja, hadhi tofauti. Ufaransa iliivamia Algeria 1830, na kuanzia 1848 ikaifanya sehemu ya Ufaransa yenyewe, yenye mikoa mitatu kama ya kule kwao. Walowezi walihamia kwa wingi. Tunisia ilikuwa nchi lindwa kwa mkataba wa Bardo wa 1881: Bey, yaani mtawala wa asili wa Tunisia, alibaki kwenye kiti chake, bendera yake ikabaki, lakini mambo ya nje na jeshi yakashikwa na Ufaransa, na baadaye mambo ya ndani pia. Moroko ikawa nchi lindwa kwa mkataba wa Fez wa 1912, sultani akiwa palepale.

Kwa maisha ya mkulima aliyenyang'anywa shamba tofauti hiyo inaweza kuonekana ni ya karatasi. Lakini tazama mwisho wake. Moroko na Tunisia zilipata uhuru Machi 1956. Kufuta mkataba na mtawala ambaye bado yupo kunawezekana mezani. Algeria ilipigana kuanzia 1 Novemba 1954 mpaka 1962, kwa sababu kwa sheria ya Ufaransa hapakuwa na nchi ya kuipa uhuru. Ilihesabiwa kuwa ni kumega Ufaransa. Walowezi karibu milioni moja waliokuwa pale walizidi kulikaza fundo hilo.

Ngazi zenyewe, kutoka nyepesi kwenda nzito:

Eneo la ushawishi: dola mbili za kigeni zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe kwamba hapa ni pako, pale ni pangu. Mara nyingi wenyeji hawana hata habari.
Nchi lindwa: kuna mkataba, mtawala wa asili anabaki kwa jina.
Koloni: mamlaka yote kisheria ni ya dola tawala.
Koloni la walowezi: ni koloni, ila ardhi yenyewe imechukuliwa na wageni waliokuja kukaa.

Eneo linaweza kupanda ngazi. Kenya ilitangazwa nchi lindwa 1895, ikawa koloni 1920, huku ukanda wa pwani ukibaki nchi lindwa kwa sababu kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo "koloni la Kenya 1905" ni kosa la miaka 15.

#6 Nanga

Mkuu Kalamu, umeeleweka vizuri. Lakini mbona wengine huiita nchi lindwa hiyo hiyo "himaya"? Na tunasema pia Himaya ya Roma.

#7 Kalamu_Kavu

Swali zuri. Himaya asili yake ni Kiarabu, maana yake ulinzi. Ndiyo maana "Misri iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza 1914 hadi 1922" ni sentensi sahihi kwa maana ya nchi lindwa. Baadaye neno likapanuka likawa pia milki kubwa yenye mataifa mengi ndani yake. Zote mbili zipo kwenye matumizi na huwezi kumkataza mtu. Mimi natenganisha hivi: milki kubwa naiita dola (Dola la Roma, Dola la Waosmani), na mahali palipowekwa chini ya ulinzi wa dola napaita nchi lindwa. *Himaya* naiacha kwenye nukuu.

Jambo la pili, Misri hiyohiyo. Jeshi la Uingereza liliingia 1882. Kutoka 1882 hadi Desemba 1914 Misri kisheria ilikuwa bado sehemu ya Dola la Waosmani, ila Waingereza ndio waliokuwa wakiamua. Kwa miaka hiyo neno ni kukaliwa: nchi iliyokaliwa kijeshi. Ni hadhi ya tano, isiyo kwenye orodha yangu ya juu.

#8 Mpekuzi

Na tukiwa hapo, tuliondoe hili: "Mkutano wa Berlin uliigawa Afrika." Mkutano ulikaa kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Kwenye hati yake ya mwisho, vifungu vya 34 na 35 vinasema anayechukua eneo jipya *kwenye pwani* awajulishe wenzake, na awe na mamlaka ya kweli pale. Dhana yake kwa Kiswahili ni kuikalia nchi kwa vitendo. Mipaka mingi iliwekwa baadaye, kwa mikataba ya dola mbili mbili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 na ule wa Uingereza na Ureno wa 11 Juni 1891. Berlin iliweka kanuni za mbio. Andika hivyo, utakuwa sahihi zaidi, na hata ubaya wake utaonekana wazi zaidi: hakuna Mwafrika aliyeketi kwenye ile meza.

#9 MzeeWaNyaraka

Mpekuzi umegusa mikataba, niendeleze. Maneno manne yanachanganywa kila siku:

Kusimamisha mapigano si amani. 11 Novemba 1918 mizinga ilinyamaza, lakini kisheria vita havikuisha. Mkataba wa amani na Ujerumani ulisainiwa Versailles 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya Sarajevo. Ukaanza kutumika 10 Januari 1920. Tarehe tatu, mambo matatu: *kusimamisha mapigano, kusaini, kuanza kutumika*.

Katikati yake kuna kuridhia. Mjumbe anasaini, lakini bunge la kwao lazima likubali. Rais Wilson alisaini Versailles. Seneti ya Marekani ikakataa kuridhia, Novemba 1919 na tena Machi 1920. Ndiyo maana Marekani haikuingia Shirikisho la Mataifa ingawa wazo lilipigiwa debe na rais wake, na ikabidi ifanye mkataba wake peke yake na Ujerumani Agosti 1921. Anayeandika "Marekani ilisaini, kwa hiyo ilikuwa mwanachama" hajui neno kuridhia.

Korea: 27 Julai 1953 mapigano yalisimamishwa, na mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo. Kwa hiyo "Vita vya Korea viliisha 1953" inahitaji maelezo ya mstari mmoja.

Halafu Shirikisho la Mataifa (1920–1946) na Umoja wa Mataifa (kuanzia 24 Oktoba 1945) ni vyombo viwili. Hili linawaumiza zaidi wanaoandika kuhusu udhamini (dola kukabidhiwa nchi iitawale kwa niaba ya chombo cha kimataifa), maana Kiswahili kinatumia neno hilo kwa mifumo yote miwili. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho kuanzia 1922, kisha udhamini wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1946 hadi uhuru 1961. Afrika Kusini iligoma kuihamisha Afrika Kusini-Magharibi kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili, na ugomvi huo ukaburuzwa mpaka Namibia ikapata uhuru 21 Machi 1990. Kila mara taja udhamini wa nani.

#10 Bi_Tarehe

Kwa kifupi tu, lingine la tarehe mbili: biashara ya utumwa na utumwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara 1807. Utumwa wenyewe kwenye makoloni yake ulifutwa kwa sheria ya 1833, iliyoanza kazi 1 Agosti 1834, na hata hapo wengi walilazimishwa kufanya kazi kama "wanagenzi" mpaka 1838. Marekani: kuingiza watumwa kulipigwa marufuku kuanzia 1808, utumwa ukafutwa 1865. Ukiandika "Uingereza ilikomesha utumwa 1807" umewaacha maelfu kwa maelfu ya watu nje ya historia kwa miaka 31.

#11 Mpekuzi

Turudi kwenye chanzo kwa maana ya ushahidi.

Chanzo cha msingi kinatoka wakati wa tukio au kwa aliyeshuhudia. Chanzo cha upili ni kazi ya aliyekuja baadaye akavisoma vya msingi. Kosa la kwanza ni kudhani cha msingi maana yake ni cha kweli. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 na ni shahidi wa macho. Lakini safari zake zilisimuliwa kwa mwandishi, Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika 1355. Hapo kuna miaka 24 na mkono wa mtu mwingine. Bado ni chanzo cha msingi, ila maswali yanakuwa mengi.

Kosa la pili ni kudhani chanzo kina aina moja ya kudumu. Kitabu cha shule cha 1935 kuhusu Roma ni cha upili kwa anayesoma Roma. Kwa anayesoma namna watoto walivyofundishwa 1935, ni cha msingi. *Swali lako ndilo linaloamua.*

Sasa mfano mmoja wa karibu, kuonyesha kwa nini msamiati wenyewe ni ushahidi. Kwa karne kadhaa palikuwa na hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino, karne ya 4, alimkabidhi Papa Sylvester mamlaka juu ya Roma na magharibi yote. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla aliisoma neno kwa neno. Akakuta hati inataja "masatrapi" kati ya wakubwa wa Roma. Satrapi ni liwali wa Uajemi. Serikali ya Roma haikuwa na cheo hicho. Akakuta pia Konstantinopoli inatajwa kama makao ya patriaki, wakati kwa tarehe inayodaiwa mji haukuwa na hadhi hiyo bado. Na Kilatini chake hakikuwa cha zama zile. Hati ilikuwa ya kughushi, na iliumbuliwa na maneno yake yenyewe.

Kosa hilo la kitu kuwekwa mahali pa wakati usio wake ndilo tunaliita upotoshaji wa wakati. Wanahistoria hukagua hati kwa njia hiyohiyo mpaka leo. Barua ya 1916 ikivitaja "Vita vya Kwanza vya Dunia", simama uichunguze: walioishi wakati huo kwa kawaida waliviita Vita Kuu. Vilevile "Bizanti", yaani Dola la Roma ya mashariki lenye makao Konstantinopoli. Watu wa dola lile walijiita Warumi hadi mji ulipotekwa 1453. Jina tunalolitumia lilienezwa na wasomi wa Ulaya kuanzia karne ya 16. Tulitumie, lakini tusiliweke kinywani mwao.

#12 Nanga

Hapo kwenye upotoshaji wa wakati: je, mauaji ya kimbari ni sawa kuyatumia kwa matukio ya kabla ya neno kuwepo?

#13 Mpekuzi

Neno la kimataifa lilibuniwa na Raphael Lemkin 1944, na mkataba ulipitishwa 9 Desemba 1948. Kiswahili kimelijenga kutoka *mbari*, yaani ukoo. Kulitumia kwa tukio la nyuma si kosa iwapo unaonyesha kipimo: kulikuwa na nia ya kuangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu ya utaifa, kabila, rangi au dini yake. Ukikosa ushahidi wa nia, andika "mauaji ya halaiki", ambalo linahesabu waliouawa bila kudai nia hiyo. Kosa ni kuyabadilisha maneno haya mawili kana kwamba moja ni kali na jingine ni pole. Usidai kwamba watu wa wakati ule walilisema, basi.

#14 Kalamu_Kavu

Maneno yenye hukumu yako mengi, na mengine tunayameza bila kuyatafuna.

Ustaarabu. Litazame neno: ndani yake mna Uarabu. Lilianza na maana ya kufuata mwenendo wa Kiarabu, likaja kuwa mwenendo mzuri kwa jumla, kisha tukalitumia kwa jamii kama Misri ya kale na Bonde la Indus. Kwa kazi ya historia ni salama kutaja vitu vinavyoonekana: miji, maandishi, kodi, mgawanyo wa kazi. Mohenjo-daro, mji wa Bonde la Indus, ilikuwa na mitaa iliyonyooka na mifereji ya maji machafu. Sentensi hiyo inasema zaidi ya "walikuwa na ustaarabu mkubwa".

Kugundua. Columbus *alifika* kwenye visiwa vya Karibi 12 Oktoba 1492. Kuna watu waliompokea ufukweni. "Aligundua" ni kwa upande wa Wazungu, na ukiliandika sema hivyo. Na usichanganye na kuvumbua: anayegundua anakuta kilichokuwepo, anayevumbua anatengeneza kisichokuwepo. Injini ya mvuke ilivumbuliwa.

Uasi. 1857 kule India: Waingereza waliandika "uasi wa askari", Wahindi wengi wanaviita vita vya kwanza vya uhuru. Jina linakuambia nani anaongea. Kwenye insha, tumia la wastani ("mapambano ya 1857") halafu yataje yote mawili na wenyewe.

#15 MzeeWaNyaraka

Niongezee ubeberu na ubepari. *Bepari* lilitoka India kupitia wafanyabiashara, likiwa na maana ya mchuuzi. Leo ubepari ni mfumo ambao mtaji ni mali ya watu binafsi na kazi inanunuliwa kwa ujira. *Beberu* ni mbuzi dume, na ubeberu ni dola moja kuitawala nyingine, kwa jeshi, mkopo au biashara. Kuwepo biashara tu hakutoshi kuwa ubepari. Misafara ilivuka Sahara karne nyingi kabla. Tafuta ujira na mtaji. Na ukoloni ni *njia moja* ya ubeberu. China ya karne ya 19 haikuwa koloni, lakini baada ya mkataba wa Nanjing wa 1842 ilifunguliwa bandari tano kwa nguvu na Hong Kong ikachukuliwa. Huo ni ubeberu bila koloni la nchi nzima.

#16 Bi_Tarehe

Hapo sikubaliani kidogo, mzee wangu. Ukiliweka "mkopo au biashara" ndani ya maana, neno linapanuka mpaka kila mkopo unakuwa ubeberu. Mimi ningedai sharti moja: anayedaiwa hana uwezo wa kukataa. Nanjing inapita kipimo hicho kwa sababu ulisainiwa kwenye manowari ya Uingereza baada ya China kushindwa vita.

#17 MzeeWaNyaraka

Nakubali sharti hilo, dada. Naliingiza kwenye maana: *bila uwezo wa kukataa*.

#18 Nanga

Wakuu, maneno yameshakuwa mengi. Mnayahifadhije yasichanganyike?

#19 Kalamu_Kavu

Kwa kadi. Kadi moja, neno moja, mistari mitano:

1. Neno na maana kwa maneno yako, isizidi maneno 20.
2. Mahali na miaka.
3. Mfano mmoja wenye tarehe.
4. Mfano usiomo: kitu kinachofanana nalo lakini silo, na kwa nini.
5. Maana ya mtaani ya neno hilo, kama ipo.

Mstari wa 4 ndio unaofanya kazi. Kwa "nchi lindwa": *Tunisia 1881 ndiyo, Algeria 1848 siyo, kwa kuwa haikuwa na mtawala wa asili aliyebaki wala mkataba unaoendelea.* Usiweke zaidi ya kadi 8 mpya kwa siku. Zirudie siku ya 2, ya 5, ya 12 na ya 30. Uliyoikosa inarudi siku ya kwanza. Ziandike kwa jozi zinazogombana (kusaini na kuridhia, kichocheo na kisingizio), usizipange kwa alfabeti. Alfabeti inatenganisha hasa yale yanayochanganya.

Na vitenzi vya maswali viwe na kadi zake. *Eleza*: nini na vipi. *Linganisha*: kufanana na kutofautiana, hoja kwa hoja, si A yote kisha B yote. *Tathmini*: toa uamuzi wa uzito wa kila sababu na uutetee. Aliyeulizwa "tathmini" akaorodhesha sababu sita bila kusema ipi nzito, amejibu "taja".

#20 Bi_Tarehe

Mstari wa 2 wa kadi uwe na kalenda gani, jamani. Nchi kadhaa za Kikatoliki zilipohama kutoka kalenda ya Juliasi (ya zamani) kwenda ya Gregori (tunayoitumia leo), 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na 15 Oktoba. Uingereza ilihama 1752: 2 Septemba ikafuatwa na 14. Urusi ilihama 1918: 31 Januari ikafuatwa na 14 Februari. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yalitokea 25 Oktoba kwao, 7 Novemba kwingine.

Tofauti si moja siku zote: siku 10 hadi Februari 1700, kisha 11, kisha 12 kuanzia 1800, kisha 13 kuanzia 1900. Husemwa Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, 1642. Galileo alikufa 8 Januari 1642 kwa Gregori. Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa Juliasi, ambayo kwa Gregori ni 4 Januari 1643. Kalenda moja kwa wote wawili, na mwaka haulingani.

#21 Nanga

Na mwaka wa Hijria? Nyaraka nyingi ziko hivyo.

#22 Bi_Tarehe

Unaanzia 622 BK na unafuata mwezi, siku 354 au 355. Kwa hiyo kutoa 622 tu ni kosa. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya jua. Tumia: mwaka wa Hijria × 0.97, kisha + 622.

656 H: 656 × 0.97 = 636.3; + 622 = 1258. Baghdad ilitekwa Februari 1258, imekaa. 857 H: 831.3 + 622 = 1453, Konstantinopoli. Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja kwa sababu mwaka wa Hijria mara nyingi huangukia ndani ya miaka miwili ya kalenda ya jua. Kama hati haitaji mwezi, andika yote miwili kwa mkwaju, mathalani 700 H (1300/01), usichague mmoja kwa kubahatisha.